Pampu Imenyamaza

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi mbele ya wanakambi wenzangu wa zamani, chini ya mierezi ya Naro Moru, miguuni pa Mlima Kenya, tulipokutana kwa ajili ya kambi yetu ya watoto ya Agosti, ambayo sasa inataka kuuzwa. Mengine nilikuwa nimeyaandika, mengine yalinijia nikiwa nimesimama. Sentensi mbili tatu nimezipunguza makali, maana watoto walikuwepo na wana masikio.

Mwenyekiti, wazee wetu, majirani mliovumilia kelele zetu kila Agosti, wanakambi wenzangu, na nyinyi watoto mliokokotwa kutoka Nairobi mkaambiwa mje muone kitanda alicholalia baba: hamjambo? Itifaki yote imezingatiwa. Na baridi pia imezingatiwa, nawaona mlivyojifunika leso.

Nilifika jana jioni. Nikamwomba mzee mtunza kambi anifungulie bweni la pili, nikapanda kitanda cha juu karibu na dirisha, magoti yakigonga ukuta, kwa sababu kitanda kile kilitengenezewa mtoto wa miaka kumi na mimi nakaribia hamsini. Sikuwa na haja ya usingizi. Nilikuja kusikiliza, na nikasikiliza mpaka saa nane za usiku. Mbwa wa jirani, sawa. Perere juu ya miti, sawa, wangali wanalia kama watu wanaokabwa koo. Lakini nilichokuja kukisikiliza hakikuwepo.

(Mtu wa nyuma: "Tak-tak!")

Ahsante sana. Tak-tak.

Kwa ajili ya watoto niieleze, maana wazazi wenu wamewasimulia habari za moto wa usiku na nyimbo, hawakuwasimulia habari za maji. Kule bondeni kuna kijito kinachoteremkia mto Naro Moru. Kando yake kuna sanduku la saruji, na ndani yake pampu ya chuma inayoitwa hidramu. Haili dizeli wala haili stima. Maji yanateremka kwa bomba, yanashika kasi, vali inajifunga ghafla, tak, na kile kishindo kinayasukuma maji kidogo yapande bomba lingine mpaka kwenye tangi lile pale juu. Mengi yanamwagika na kurudi mtoni, machache yanapanda. Halafu vali inafunguka, maji yanashika kasi tena, tak. Usiku na mchana, mwaka mzima, bila mtu kuigusa.

Usiku wangu wa kwanza hapa, mwaka 1986, niliamini kuna mtu kule chini anachonga jeneza. Nililia mpaka Shosho wa jikoni akaja na taa ya chemni. Hakunibembeleza. Aliniambia: "Wewe lala. Siku ukiisikia imenyamaza ndipo uogope, maana kesho yake hakuna uji."

Basi leo asubuhi sikupewa uji.

(Kicheko.)

Nilishuka bondeni alfajiri na tochi ya simu. Magugu yamefika kiunoni. Nikafungua kifuniko, nikapapasa vali kwa vidole, na vidole vikakuta chuma kitupu. Mpira umeliwa wote. Wale wa miaka yangu mnaukumbuka: kipande cha mpira wa tairi la lori, mviringo, upana wa kiganja, tundu katikati. Kila mwaka mtunza kambi alichagua watoto watatu, akawapa kisu, kipande cha tairi na chokaa ya kuchorea. Mimi niliukata wa mwaka 1987, ukatoka kama chapati ya mtu anayejifunza, na bado ulifanya kazi mwaka mzima. Ni kitu ambacho fundi wa pancha pale stendi anakupa bure ukimsalimia vizuri. Kambi imekaa bila maji kwa kukosa hicho.

Sasa tuseme lililotuleta. Wadhamini wametuandikia kwamba kambi haijiendeshi tena na kwamba kuna mtu anayetaka kununua ekari zote ajenge nyumba za wageni zinazotazama mlima. Mnunuzi sitamtaja, na wala simlaumu. Mtu mwenye pesa akiamka hapa asubuhi akauona Batian, kilele cha Mlima Kenya, umetoka kwenye mawingu, asipotaka kununua atakuwa mgonjwa. Na wadhamini pia naomba tusiwazomee. Wawili wako hapa, mmoja ana miaka themanini na mbili, na bati la jikoni lililong'olewa na upepo alilirudisha kwa pesa za pensheni yake.

Barua ile ilipotufikia tulifanya nini? Tulifungua kundi la WhatsApp. Siku tatu, jumbe mia nne na zaidi. Picha za mwaka 1991, picha za meno yaliyong'oka, watu wanalia kutoka Minnesota na Doha. Usiku wa tatu nikaandika swali moja: kati yetu, nani amewahi kumleta mtoto wake kambini? Kundi likanyamaza kuliko ile pampu.

Na mimi nilinyamaza. Nina watoto wawili. Mombasa wamekwenda mpaka wanaichoka. Hapa, saa tatu kwa gari kutoka Thika Road, leo ndiyo mara yao ya kwanza. Mkubwa ana miaka kumi na sita na ameniuliza kama bweni ni stoo.

Mzee mtunza kambi ana daftari, lile la jalada gumu jeusi, ambamo huandika majina ya watoto kwa kalamu ya wino. Nimelipitia. Vitanda ni 72. Agosti ya 2019 majina yamejaa kurasa kwa wiki zote mbili. Ukifunua ukurasa unaofuata, umeandikwa mstari mmoja tu: "Korona." Unaofuata hauna kitu. Unaofuata hauna kitu. Agosti ya 2023, majina 19.

Hapa nitulie kidogo, maana nimesikia watu wakisema kambi iliuawa na simu za watoto. Simu zimechangia, sikatai. Lakini hebu tukumbuke kalenda. Shule zilifungwa Machi 2020, na watoto walio wengi hawakurudi darasani mpaka tarehe 4 Januari 2021. Ili kufidia, wizara ikabana mihula. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza mwishoni mwa Julai, kwa hiyo Agosti ile watoto walikuwa darasani. Mwaka wa 2022 ulianza Aprili, na Agosti yake ikakatwa katikati na uchaguzi wa tarehe 9, hakuna mzazi aliyetaka mtoto wake awe mbali na nyumbani. Kalenda ya kawaida ilirudi Januari 2023. Hesabu mwenyewe: Agosti tatu mfululizo bila mtoto hata mmoja. Kambi inayoishi kwa wiki mbili za mwaka ilikosa chakula miaka mitatu. Mkulima wa hapa Kieni akikosa mvua misimu mitatu hamumwiti mvivu.

Halafu watoto waliokuwa na miaka saba wakawa wamefika kumi, na hakuna mkubwa wa kuwasimulia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hesabu ya pesa. Hapa mtoto aliletwa na mtoto mwenzake. Mimi nililetwa na maneno ya binamu yangu aliyerudi nyumbani akidai amefika Met Station kwa miguu yake, mita 3,050, na kwamba alikojoa juu ya barafu. Barafu ilikuwa umande ulioganda kwenye nyasi, lakini mimi mwaka uliofuata nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Ukikata mnyororo huo miaka mitatu, haujiungi wenyewe.

Na sisi wazazi tukaongeza letu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Imekatazwa, mnasikia? Na bado nusu ya waliokaa hapa wana mwalimu anayekuja nyumbani Agosti kupitia mlango wa nyuma kama mtu anayeleta pombe. Sinyooshei mtu kidole. Wa kwangu anafundisha hesabu, anakuja Jumanne na Alhamisi.

Nisimulie kisa kimoja, kisha tufanye kazi.

Mnakumbuka Alhamisi ya wiki ya kwanza, safari ya Nyeri kwa lori. Tulipelekwa kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefia Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Hatukuwa skauti sisi, ila kiongozi wetu alikuwa skauti mpaka kwenye mifupa. Pale kaburini kuna mviringo wenye nukta katikati. Ni alama ya njia. Mshale maana yake pita huku. Vijiti viwili vilivyokingamana, usipite. Mviringo wenye nukta: nimekwenda nyumbani. Huchorwa mwisho wa safari, na wa kuuchora ni yule aliye mbele.

Mwaka 1988 tulicheza mchezo wa kufuata alama msituni. Kundi la wakubwa mbele, wadogo nyuma. Mmoja wetu, na yuko hapa leo amevaa jaketi la kijani, alichoka njiani na akataka kuchekesha. Akachora mviringo na nukta mahali ambapo hatukuwa tumefika hata nusu. Sisi tukaendelea. Wadogo sita walipofika pale, wakasoma alama vizuri kabisa kama walivyofundishwa, wakageuka kwenda nyumbani kwa njia waliyoidhania. Tuliwatafuta mpaka giza. Walipatikana kwenye shamba la mama mmoja kule chini, wamekaa kuzunguka jiko wanakula githeri, mmoja amevikwa koti la polisi la mume wake. Kiongozi hakumpiga yule mwenzetu. Alimpa kazi ya kuwaomba radhi wote sita, mmoja mmoja, mbele ya moto.

Sasa, wiki iliyopita kwenye kundi letu kuna aliyetuma mchoro wa mviringo na nukta, na chini yake jina la kambi. Watu sitini wakabonyeza moyo. Mimi nilikasirika. Nilifuta nilichokiandika, lakini nilikasirika. Ukiichora alama ile mapema, wanaopotea ni wale walio nyuma yako.

(Kimya. Yule wa jaketi la kijani aliinua mkono, watu wakacheka, kukawa na nafuu.)

Je, kuna watu waliowahi kufanikiwa kuokoa mahali kama hapa? Wapo. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Profesa Wangari Maathai, mtoto wa hapa hapa Nyeri, aliandika barua huku na kule akitukanwa mpaka bungeni, na mwishowe wafadhili wakajitoa. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walikuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Wakausukuma, wakapigwa mabomu ya machozi wakiwa na sare za shule, na dunia nzima ikaona. Uwanja ukarudi. Nakumbuka nilikuwa kazini, natazama picha zile kwenye kompyuta, nikajiambia wale watoto wana ujasiri kutushinda. Sikujua nitakuja kulihitaji neno hilo.

Kuna mfano wa mbali pia. Marekani, katika mji wa Killingworth, jimbo la Connecticut, kuna kambi ya skauti ya ekari zaidi ya 250 iitwayo Deer Lake. Ilipotangazwa kuuzwa, wanakambi wa zamani na majirani walichanga, wakaandamana, wakatafuta wafadhili, na mwaka 2022 shirika lisilo la faida lilikubaliwa kuinunua kwa dola zaidi ya milioni 4. Mjenzi aliyekuwa ameshatangulia akaachwa njiani. Nikisoma habari ile nilitaka kuishia hapo, kwenye furaha. Lakini lazima muusikie upande wa pili. Kule kambi nyingi ziliuzwa baada ya chama cha skauti cha Marekani kuomba ulinzi wa mahakama kama mfilisika, Februari 2020, na watu zaidi ya 82,000 wakajitokeza kudai fidia kwa kudhalilishwa kingono walipokuwa watoto. Wengine walidhalilishwa kambini, kando ya moto kama ule wetu, na watu wazima walioimba nyimbo nzuri.

Kwa hiyo mzazi anayeniambia anaogopa kumleta binti yake, simwiti mwoga. Anauliza swali la haki. Sisi tunaikumbuka kambi hii kwa upendo kwa sababu tulikuwa na bahati, na bahati si mpango. Ikifunguliwa Agosti, hakuna mtu mzima atakayekuwa na mtoto peke yake, iwe bwenini, mtoni au kwenye gari. Watu wazima wawili, daima. Kila anayekuja kujitolea analeta cheti cha tabia njema kutoka polisi, hata awe nani, hata awe mchungaji wangu. Asiyetaka akae nyumbani atume maharagwe.

Mambo ya sheria wakili wetu atayaeleza baada ya chai, mimi nayapitia haraka tu. Hii ni ardhi ya kilimo. Kuiuza kunahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na bila idhini hiyo mauzo ni batili. Kujenga hoteli juu yake kunahitaji kubadilisha matumizi ya ardhi, na hilo hutangazwa ili wananchi waweke pingamizi. Kuna hati ya udhamini pia, na imeandikwa ardhi hii ni kwa faida ya nani. Jumatatu watu wanne wanakwenda ofisi ya ardhi Nyeri kufanya upekuzi rasmi wa hati miliki. Mimi ni mmoja wao. Mnaobaki, tafadhali, msianze kutuma kwenye kundi habari za kunyakuliwa ardhi kabla hatujaona karatasi. Mpaka sasa hakuna aliyenyakua chochote. Kuna watu waliochoka na mtu anayetaka kununua.

Wadhamini wametupa mpaka mwisho wa Novemba. Wanataka kuona vitu viwili: deni la kodi ya ardhi na mishahara ya mtunza kambi limelipwa, na Agosti imejaa. Deni ni harambee. Hilo tunaliweza, Wakenya hatujawahi kushindwa na harambee, namba ya Paybill iko kwenye karatasi mliyopewa mlangoni. Ninyi wa Doha na Minnesota, ambao najua mnarekodiwa haya: machozi yenu yamepokelewa, sasa tunangoja ujumbe wa M-Pesa.

La pili ndilo gumu. Vitanda 72. Hapa tuko watu wazima wapatao mia moja. Fomu ziko mezani kwa mama mwenye kofia nyekundu. Sitaki fomu ya ahadi, nataka jina la mtoto, umri, mzio wa chakula kama upo, na namba ya simu ya mtu atakayepokea usiku. Mimi nimejaza mbili. Huyu wa miaka kumi na sita amekataa, kwa hiyo nimemwandika kama msaidizi wa jikoni na ataoga maji ya tangi kama sisi. Asiye na mtoto wa rika hilo alipie wa jirani. Majirani wa Naro Moru mliokuja leo, naomba mnisamehe kwa niaba ya wote: miaka yote ile tuliwaona watoto wenu kwenye uzio wakitutazama tukicheza, na tuliwapungia mkono tu. Safari hii vitanda ishirini ni vyao, bila malipo. Mwenyekiti anaitikia kwa kichwa, basi tumekubaliana.

Na shule. Mtaala wa umilisi unataka watoto walime, wapike, wapime, watengeneze. Shule zina magari na hazina mahali pa kwenda katikati ya wiki. Mwalimu mkuu yeyote aliye hapa asiondoke bila kuonana nami.

Nimesema mengi, na lori la magodoro limefika pale getini, dereva ananionyesha saa. Magodoro yako 40, yanahitaji migongo. Wanaopaka rangi wanamfuata mzee wa bweni la kwanza. Shosho hayuko nasi tena, Mungu amrehemu, lakini binti yake amekuja na sufuria zake mwenyewe na unga wa wimbi.

Kipande cha tairi kiko kwenye buti ya gari langu, kisu na chokaa pia. Nahitaji watoto watatu wasioogopa maji baridi. Na watu wazima wawili, maana sheria tumeshaipitisha. Uji ni saa nne, kama maji yatapanda.